Uliza Ujibiwe: "Stygian" ni giza la namna gani?

SWALI
Nasoma riwaya ya Kiingereza. Mhusika anashuka kwenye ghala lililo chini ya nyumba, na mwandishi anasema humo mna "Stygian gloom". Kamusi yangu imeandika "-enye giza sana", basi. Kwa nini asiseme "dark" tu yakaisha? Na asili ya neno hilo ni nini?
Msomaji, Morogoro

JIBU
Kamusi yako haikukosea, ila imekupa ganda ikabaki na kiini. "Stygian" ni kivumishi kilichotokana na jina la mto: Styx, mto wa kuzimu katika visasili vya Wagiriki wa kale. Waingereza walikichukua katika karne ya 16 kutoka Kilatini, "Stygius". Kina maana tatu zilizopandana: kwanza "-a mto Styx", kisha "-a kuzimu", na mwisho "-enye giza zito kama la kuzimu". Wewe umekutana na hiyo ya mwisho, na siku hizi ndiyo inayotumika zaidi.

Linaloshangaza ni kwamba jina la mto wenyewe halina giza ndani yake. Styx limetoka katika mzizi mmoja na kitenzi cha Kigiriki "stygein", yaani kuchukia. Wala si chuki ya kununa, ni ile inayomsisimua mtu mwili. Ukilifasiri neno kwa neno utapata kitu kama "Chukizo". Mito mingine ya kuzimu nayo ina majina ya aina hiyo: Acheron ulihusishwa na huzuni, Cocytus ni wa maombolezo, Phlegethon ni wa moto, Lethe ni wa kusahau. Hakuna hata mmoja ulioitwa Giza.

Kazi ya kwanza ya Styx katika mashairi ya zamani ni kiapo. Katika Iliad, utenzi wa Homer, mungu wa kike Hera anamwapia mumewe Zeus, mfalme wa miungu, kwa maji ya Styx, na katika Odyssey, utenzi wake mwingine, mungu wa kike Calypso anamwapia shujaa Odysseus vivyo hivyo. Lakini anayetupa undani ni Hesiod, aliyetunga Theogony yapata mwaka 700 K.K. Kwake Styx ni mto na pia ni mungu wa kike, binti wa Oceanus, ule mto mkuu unaoizunguka dunia. Zeus alipowaita miungu wamsaidie kupigana na Titans, kizazi cha miungu waliotawala kabla yake, Styx ndiye aliyetangulia kufika, tena pamoja na watoto wake, wakiwemo Ushindi, Nguvu na Mabavu. Zawadi aliyopewa ni kwamba maji yake yawe kiapo kikuu cha miungu.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Ugomvi ukizuka na mmoja akashukiwa kusema uongo, Iris, mjumbe wa miungu, hutumwa na mtungi wa dhahabu kwenda kuteka. Maji hayo ni baridi, yanaporomoka kutoka jabali refu, nayo ni sehemu moja ya kumi ya maji ya Oceanus. Zile tisa zinabaki kuizunguka nchi na bahari. Sisi hula kiapo, mungu wa Kigiriki hukimimina: humwaga maji chini huku akitamka maneno. Akiapa uongo, mwaka mzima analala hana pumzi wala sauti, ambrosia na nekta, chakula na kinywaji cha miungu, hazimfikii mdomoni. Mwaka huo ukiisha anaanza mingine 9 ya kutengwa na vikao na karamu za wenzake, na katika mwaka wa 10 ndipo anaporudishwa. Kwa asiyeweza kufa, adhabu haiwezi kukikaribia kifo zaidi ya hapo.

Giza liko wapi basi? Hesiod analigusa kwa kupita tu: anasema maji hayo hutiririka chini ya ardhi, ndani ya usiku mweusi. Kwake giza ni njia unayopita mto. Waliolitanua ni washairi wa Kilatini, hasa Virgil na Ovid, waliotumia "Stygius" kwa chochote kile cha kuzimu. Ovid, akieleza katika Metamorphoses jinsi watu wa zama za chuma walivyoanza kuchimba madini, anasema walifukua mali ambayo ardhi ilikuwa imeificha karibu na vivuli vya Styx. Aliyewahi kuwa ndani ya shimo la Mirerani taa ikamzimikia atamwelewa bila kamusi. Kuanzia hapo mto, mahali unapopita na giza la mahali hapo vikawa kitu kimoja, na Kiingereza kikavirithi vikiwa vimeshachanganyika.

Ndiyo maana mwandishi wako hakusema "dark". "Dark" inakuambia mwanga haupo, imetosha. "Stygian" inakuambia pia kwamba uko chini, kwamba pana ubaridi, na kwamba kutoka si rahisi kama kuingia. Ghala la chini ya nyumba linalistahili neno hilo. Usiku wa nje wenye nyota haulistahili, hata uwe mweusi vipi.

SWALI
Je, mto Styx upo kweli mahali fulani, au ni wa hadithini tu?
Msomaji, Tanga

JIBU
Yapo maporomoko ya maji ambayo Wagiriki wenyewe waliyaita Styx. Yako katika iliyokuwa Arcadia ya kale, kaskazini mwa rasi ya Peloponnese, kwenye mlima Chelmos, karibu na palipokuwa na mji wa Nonacris. Maji yanadondoka kwenye ukuta wa mwamba wenye urefu wa kama mita 200, na kijito chake leo kinaitwa Mavroneri, yaani Maji Meusi. Mwanahistoria Herodotus anasema Mfalme Cleomenes wa Sparta alitaka kuwapeleka wakuu wa Arcadia huko Nonacris akawaapishe kwa maji hayo, kwa hiyo kiapo cha miungu kilikuwa na matumizi kwa binadamu pia.

Pausanias, aliyeizunguka Ugiriki katika karne ya 2 B.K., aliandika kwamba maji hayo huua mtu na mnyama, huvunja glasi na vyungu, hula chuma, shaba na hata dhahabu, na chombo pekee kinachoyahimili ni kwato ya farasi. Msiisumbue kemia kwa hilo. Kwato ni keratini, kitu kilekile cha kucha zetu, na tindikali yenye uwezo wa kula dhahabu isingeisaza. Ni maji ya theluji, baridi kweli, hayana la zaidi.

Kutoka hapo kukazuka uvumi kwamba mfalme Alexander Mkuu, aliyefariki Babylon mwaka 323 K.K., alinyweshwa maji ya Styx yaliyosafirishwa ndani ya kwato. Plutarch, mwandishi wa kale wa maisha ya watu mashuhuri, anausimulia, kwake ikiwa kwato ya punda, halafu anaongeza kwamba waandishi wengi waliuona ni wa kutunga.

SWALI
Natafsiri hadithi fupi na nimekwama kati ya "giza la kuzimu", "giza la ahera", "giza la Jehanamu" na "giza totoro". Mhariri wangu yeye anataka "giza la Kistygia", na maelezo chini ya ukurasa.
Mfasiri, Nairobi

JIBU
Kabla ya kuchagua, jaribu hivi: liondoe neno, weka "very dark" mahali pake, usome aya nzima. Kama hakuna kilichopotea, mwandishi ametumia neno kwa ukali wake tu na mto umelala. Hapo "giza totoro" linatosha, au "kiza totoro" kama wahusika wako ni wa Unguja au Mombasa. Taa ya kandili ikizimika pangoni na Kiingereza kikasema pango "turned Stygian", wewe andika "taa ilizimika, pango likawa giza totoro" uendelee na safari yako.

Lakini kama aya ina mashua, mzee wa kuvusha watu, sarafu mdomoni mwa maiti, mbwa wa vichwa vitatu, au mtu anayeapa, mto uko macho na ukiuua utaua nusu ya maana. Hapo uite Styx kwa jina lake, na maelezo yaingize ndani ya sentensi: "giza la Styx, mto wa wafu". Maneno matatu ya nyongeza ni nafuu kuliko tanbihi ambayo hakuna atakayeisoma. Kwa "Stygian oath" usiguse giza kabisa. Hicho ni kiapo kisichovunjika.

Kuhusu ulivyoviorodhesha: "ahera" iache. Ahera ni maisha baada ya kufa, na ndani yake mna pepo na moto. Msomaji hasikii giza akilisikia neno hilo. "Jehanamu" ni mbaya zaidi kwa sababu inaleta moto, na kuzimu ya Kigiriki ni ya ubaridi na ukungu. Moto huko umepewa mto wake, Phlegethon. "Kuzimu" ndilo lenye asili inayolingana: Biblia ya Kiswahili inalitumia kwa makao ya wafu, Sheoli ya Kiebrania na Hadesi ya Kigiriki. Tahadhari ni moja. Mahubiri na filamu za siku hizi zimelifanya kuzimu kuwa makao makuu ya mashetani, na "sauti ya kuzimu" kwa kijana wa leo ni pepo anayeongea. Ikiwa hadithi yako haina mashetani, angalia neno hilo lisiwaalike.

Na "giza la Kistygia"? Hapana. Ki- hiyo inamfanya msomaji atafute kabila au nchi. Nchi yenyewe ipo, ila ni ya kubuni: Robert E. Howard wa Marekani, ambaye hadithi zake za shujaa Conan zilianza kuchapishwa mwaka 1932, aliiweka Stygia kwenye ramani yake kuwa nchi ya wachawi. Mhariri wako atakuwa amekutuma huko bila kujua.

SWALI
Mwalimu alitaja "Cimmerian darkness" na "Erebus" kana kwamba ni kitu kimoja na "Stygian". Ni kweli?
Mwanafunzi wa chuo, Dodoma

JIBU
Ni giza tatu tofauti, ingawa waandishi huzichezesha pamoja. John Milton, katika shairi L'Allegro lililochapishwa mwaka 1645, anaifukuza huzuni: katika mstari wa 3 anasema ilizaliwa kwenye pango la Styx, na katika mstari wa 10 anaiambia ikakae milele kwenye jangwa la Cimmeria. Hakurudia neno, aliitoa chini ya ardhi akaipeleka mwisho wa dunia.

Maana Cimmerian ni giza la juu ya ardhi. Katika kitabu cha 11 cha Odyssey, merikebu ya Odysseus inafika ukingoni mwa Oceanus, kwenye mji wa Wacimmeria, ambao umefunikwa na ukungu na mawingu. Jua haliwaangalii likipanda wala likishuka. Watu hao wako hai, wana mji wao, ila hawajui mchana. Kwa hiyo neno hilo linafaa mahali pa mawingu mazito, ukungu, majira ya baridi ya kaskazini, si pango.

Wamesingiziwa, kwa kweli. Wacimmeria wa historia walikuwa wapanda farasi, na Herodotus anasema waliishi kaskazini mwa Bahari Nyeusi mpaka Waskithi walipowasukuma. Kumbukumbu za Waashuru zinawaita Gimirri kuanzia mwishoni mwa karne ya 8 K.K., nao ndio waliomuua Mfalme Gyges wa Lydia, katika Uturuki ya leo, yapata mwaka 644 K.K. Wasomaji wa Biblia wanawafahamu kwa jina jingine: wataalamu wengi humhusisha na watu hao Gomeri, mwana wa Yafethi, wa Mwanzo 10. Jua walikuwa nalo la kutosha.

Erebus, yeye, ni Giza lenyewe. Ni nomino, na kwa Hesiod ni nafsi hai: alitoka katika Chaos, utupu wa mwanzo, pamoja na Nyx, yaani Usiku, wakaoana, na mtoto wao mmojawapo ni Hemera, yaani Mchana. Katika majina yote tuliyoyataja, hili ndilo pekee ambalo mzizi wake ni giza tangu mwanzo. Lina ndugu katika Kisanskriti na katika lugha za kale za Skandinavia. Mpelelezi James Clark Ross alikuwa na merikebu iliyoitwa Erebus, na mwaka 1841 akalibandika jina hilo kwenye mlima wa mita 3,794 huko Antaktika. Mlima huo ni volkano, na juu yake mna ziwa la lava linalowaka. Giza gani hilo, sijui. Merikebu yenyewe ilipotea na msafara wa John Franklin ulioondoka Uingereza mwaka 1845, na mabaki yake yakaonekana chini ya bahari ya kaskazini mwa Kanada mwaka 2014.

SWALI
Hutamkwaje? Na makosa gani tuyaepuke katika insha?
Mwanafunzi wa kidato cha sita, Arusha

JIBU
Tamka "STI-ji-an", mkazo mwanzoni. Herufi y ni i fupi, na g inalainika kuwa j. Wanaosema "stai-gian" wanafuata maandishi. Styx hutamkwa "stiks", sawasawa na "sticks", vijiti, na Waingereza hawachoki kuufanyia utani mgongano huo.

Kosa la kwanza ni kulifanya nomino: hakuna "the Stygian" likasimama peke yake kwa maana ya giza. La pili ni kulipunja uzito. Darasa ambalo umeme umekatika saa tisa mchana si Stygian, mwanga wa dirishani upo. Ukilitumia hapo msomaji atadhani unatania. La tatu ni kurundika: "very Stygian black darkness" ni kuvaa kofia tatu. Neno lenyewe limeshafika mwisho, halihitaji "very". Herufi kubwa au ndogo mwanzoni zote zinakubalika, ila ukianza na moja nenda nayo hadi mwisho.

Ukieleza kisasili, usimpe Charon, yule mzee wa kuvusha wafu, mto huu bila kufikiri. Washairi wa Kigiriki kwa kawaida walimweka kwenye Acheron. Virgil ndiye aliyeichanganya mito hiyo miwili, na kwake roho za wasiozikwa hutangatanga ukingoni miaka 100 kabla ya kuvushwa. Vilevile hadithi ya shujaa Achilles kuchovywa ndani ya Styx akiwa ameshikwa kisigino haimo kwa Homer. Iliyotufikia ni ya Statius, Mrumi wa karne ya 1 B.K.

SWALI
Nimeona "stygofauna" katika makala ya samaki na "Stygian blue" katika makala ya rangi. Ni mto uleule?
Msomaji, Lubumbashi

JIBU
Uleule. Stygofauna ni wanyama wanaoishi katika maji ya chini ya ardhi, na mfano mzuri uko katika nchi yenu: Caecobarbus geertsii, samaki wa mapangoni karibu na Mbanza-Ngungu, Kongo Central, aliyeelezwa na wanasayansi mwaka 1921. Hana macho ya kuonekana, na ngozi yake imepauka ikawa ya waridi kwa sababu rangi haina kazi mahali ambapo hakuna wa kuiona.

"Stygian blue" unaweza kuiona mwenyewe leo. Ni buluu iliyokolea ambayo papo hapo ni nyeusi kama nyeusi, rangi ambayo hakuna mchoraji anayeweza kuichanganya. Kata duara la karatasi ya manjano kali, upana wa sentimita 5 hivi, ulibandike kwenye karatasi nyeupe na uweke nukta ndogo katikati. Kando yake weka karatasi nyeusi isiyong'aa, nayo uitie nukta ndogo nyeupe. Kaa kama sentimita 40 mbali, penye mwanga mzuri. Kazia macho nukta iliyo katikati ya duara la manjano sekunde 30 hadi 60 bila kuyahamisha, kisha hamia kwenye nukta ya karatasi nyeusi. Utaona duara la buluu likielea juu ya weusi, nalo halina mwanga wowote.

Sababu yake ni uchovu. Chembe za jicho zinazopokea manjano zimechoka, na ubongo, unaopima manjano dhidi ya buluu, unaegemea upande wa pili. Kwenye karatasi nyeupe ungeona buluu nyepesi. Kwenye nyeusi hakuna mwanga wa kuipausha. Usipoona kitu, ama ulitembeza macho, ama manjano yako ni ya kufifia, ama karatasi nyeusi inarudisha mng'ao wa taa. Skrini ya simu nayo haifai chumbani penye mwanga, kwani kioo chake huakisi dirisha. Na mahali pa karatasi ya manjano usitumie jua wala taa kali: zitaumiza jicho, na doa litakalobaki halitakuwa la mchezo. Duara lenyewe hukaa sekunde chache tu, likianza kumeguka pembeni. Ukipepesa macho linarudi kidogo, kisha linayeyuka.